Kujua Chakula cha Paa Nunga na Kima Punju kwa Vinasaba vya Kinyesi: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ninayoletewa na wanafunzi pamoja na maofisa wa misitu hayabadiliki. Je, ni lazima mnyama akamatwe? Je, spiriti ya dukani inatosha kuhifadhia kinyesi? Kwa nini majibu yamerudi na jina la mti usioota Unguja wala Pemba? Nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi, kwa utaratibu ambao mtu anaweza kuufuata kutoka msituni hadi kwenye jedwali la mwisho. Mfano wangu mkuu utakuwa wanyama wawili wa Unguja, paa nunga (paa mdogo wa msituni) na kima punju (mbega mwekundu wa Unguja), na nitamtaja popo wa Pemba pale anapohitaji utaratibu wa peke yake.

Nadharia unayoihitaji ni fupi. Jani linapopita tumboni halisagiki lote. Vipande vifupi vya vinasaba (DNA) vya kloroplasti yake, yaani chembe za kijani za jani, hutoka na kinyesi. Katika vinasaba hivyo mna sehemu iitwayo trnL, na ndani yake kitanzi kidogo kiitwacho P6, chenye urefu wa baina ya herufi 10 na 143, ambacho hutofautiana kutoka kundi moja la mimea hadi jingine. Mwaka 2007 Pierre Taberlet na wenzake, kutoka Ufaransa, walionesha kwamba kitanzi hicho husomeka hata pale vinasaba vilipokwisha kukatikakatika, na tangu hapo ndicho kinachotumiwa zaidi katika kazi ya namna hii. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya njia hiyo kutoka Mpala, Laikipia, nchini Kenya, yaliyowalinganisha wanyama wala mimea kama tembo, nyati, pundamilia na digidigi, na ikaonekana kwamba hata wanaolisha mahali pamoja hawali mimea ile ile. Mnyama hakamatwi wala haguswi, na kwa paa nunga, ambaye ni adimu na mwepesi wa kukimbia, jambo hilo pekee linatosha kuifanya njia hii istahili gharama yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Anza na ruhusa. Utahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ruhusa ya idara inayosimamia misitu na, ikiwa sampuli zitasomwa nje ya nchi, vibali vya kuzisafirisha na vya kuzipokea huko ziendako. Mpitie pia sheha wa shehia unayoingia, pamoja na kamati ya uhifadhi ya kijiji ikiwapo. Asiyefanya hivyo huonekana ni mtu anayeokota mavi msituni bila sababu, na maelezo atakayoyatoa baadaye hayatamsaidia sana.

Kwa kazi ya msituni, andaa:

- glavu za kutupa, barakoa, na vijiti safi vya kutumia mara moja;
- vichupa vyenye mifuniko inayokaza, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na chembe za silika zinazobadilika rangi zinaposhiba unyevu;
- penseli, karatasi ngumu za lebo, daftari na kifaa cha GPS;
- magazeti na mbao za kubania mimea, pamoja na bahasha za karatasi za kuwekea majani;
- deli lenye barafu, kwa siku ambazo kambi iko mbali.

Kwa upande wa maabara, si lazima uwe na kila mashine. Kinachotakiwa ni kufika kwenye meza safi, sentrifuji (mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi), mashine ya PCR (ya kuzidisha vinasaba) na friza, kisha uwe na makubaliano ya maandishi na maabara itakayosoma mifuatano ya herufi za vinasaba. Waulize mapema wanataka sampuli zifike katika hali gani, kwa sababu jibu lao litabadilisha hatua za 6 hadi 8.

Hatua ya 1: Jenga maktaba ya mimea kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo maana naiweka hatua hii mbele ya kinyesi. Mashine itakupa mifuatano ya herufi, haitakupa majina. Jina hupatikana kwa kuulinganisha mfuatano na mimea ambayo tayari imesomwa na kuhifadhiwa katika hazina za kimataifa kama GenBank, na mimea mingi ya misitu yetu ya maweni ama haimo humo au imo kwa sampuli zilizotoka mbali. Ukienda bila maktaba yako, programu itakupa ndugu wa karibu aliyemkuta, hata akiwa ni mti wa Asia au wa Amerika ya Kusini.

Pita katika eneo lako la utafiti pamoja na mtu anayeijua mimea yake. Mzee wa kijiji kama Pete, Muyuni au Mtende aliyekuwa akikata kuni, akichimba dawa na kutega tangu ujana wake atakuonesha mimea ambayo paa huikata na ambayo huipita, na hiyo ni orodha ambayo hakuna mashine itakayokupa. Kwa kila mmea chukua matawi mawili yenye majani, na maua au matunda yakiwapo. Tawi moja libane kwenye gazeti kwa ajili ya hebariamu (hazina ya mimea iliyokaushwa), na kutoka jingine kata majani machanga, ukubwa wa kiganja hivi, uyaweke katika bahasha ndani ya silika yenye uzito wa mara kumi ya majani hayo. Namba ya tawi na namba ya bahasha iwe ni moja.

Onyo: usitegemee jina la kienyeji peke yake. Mti mmoja unaweza kuwa na jina moja Makunduchi, Unguja, na jingine Micheweni, Pemba, na jina moja linaweza kubeba miti miwili. Andika jina la kienyeji, pahali ulipoambiwa, kisha mpelekee mtaalamu wa mimea tawi lililobanwa alipe jina la kisayansi.

Usiiache mimea ya shambani. Kima punju wanaoishi kando ya msitu wa Jozani hutoka na kula majani machanga ya mwembe na mkungu katika mashamba ya watu, na walioko karibu na bahari hula pia majani ya mikoko. Maktaba yenye miti ya msituni tu itakuwa pofu kwa nusu ya habari.

Hatua ya 2: Panga misimu na idadi

Kusanya angalau katika misimu miwili inayopingana, kwa mfano masika na kiangazi. Ukimudu yote minne, yaani masika, kipupwe, vuli na kiangazi, ni bora zaidi. Kuhusu idadi, hakuna namba moja inayofaa kila mahali. Njia ya kweli ni kuchora mchoro wa idadi ya mimea mipya inayoongezeka kwa kila sampuli. Mstari unapokaribia kulala, umefika. Kwa kuwa mchoro huo hauwezekani kabla ya matokeo, kusanya ziada na uihifadhi. Kurudi msituni mwaka mwingine ni ghali kuliko silika.

Epuka kuokota sampuli kumi za mnyama mmoja ukazihesabu kuwa za wanyama kumi. Suni, paa mwingine mdogo wa Unguja, hurudia pahali pamoja kunya, na kundi moja la kima punju linaweza kukufanya uridhike na mti mmoja walioulalia.

Hatua ya 3: Kusanya kinyesi

Kwa kima punju, fika chini ya mti waliolala kabla hawajaanza kuondoka. Simama pembeni, ngoja kinyesi kianguke, kisha kwa kijiti kisafi chukua sehemu ya ndani ambayo haikugusa ardhi, kiasi cha ukubwa wa kunde mbili tatu. Vaa barakoa wakati wote na usiwasogelee. Mafua yako yanaweza kuwadhuru wao kama vimelea vyao vinavyoweza kukudhuru wewe.

Kwa paa, tafuta vidonge vibichi, vyenye kung'aa na unyevu, visivyotobolewa na wadudu. Chukua vidonge vitano hadi kumi vya rundo moja, uviweke katika kichupa kimoja. Vilivyonyeshewa mvua uviache, hata kama umetembea tangu alfajiri na hujapata vingine.

Kwa popo wa Pemba, kwa mfano wale wa Kidike, tandika karatasi safi ya plastiki chini ya mti wanaoning'inia, kwa muda mfupi tu, na uondoe kila jani, ua au chavua iliyoanguka kutoka juu. Mti wenyewe ni mmea, na ukizembea utauandika kuwa ni chakula.

Andika kwa penseli. Katika safari yangu ya kwanza nilitumia kalamu ya wino, ethanoli ikamwagika kidogo ndani ya sanduku, na nilipofungua nikakuta vichupa arubaini visivyo na jina. Tangu hapo huweka lebo mbili, moja nje na moja ndani, zote za penseli.

Hatua ya 4: Hifadhi siku hiyo hiyo

Kinyesi cha kima punju ni chororo na kina maji mengi. Kitie katika ethanoli ambayo ni mara tano au sita ya ujazo wake, ukiache kwa siku moja hadi moja na nusu, kisha umimine ethanoli na ukihamishie kwenye silika. Vidonge vya paa, ambavyo ni vikavu zaidi, vinaweza kuingia kwenye silika moja kwa moja. Silika ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyo hiyo. Vikishakauka vinaweza kukaa kivulini kwa wiki kadhaa, na ukifika mjini uviweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Spiriti ya buluu ya dukani haifai, kwa kuwa imechanganywa na vitu vingine. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 nayo tayari ina maji, na kinyesi kinaongeza maji yake, hivyo vinasaba vitaendelea kuoza polepole huku wewe ukijiona umehifadhi. Wala usiyaache masanduku juu ya daladala kwenye jua la mchana.

Hatua ya 5: Hakikisha kinyesi ni cha nani

Msitu wa Unguja una paa wadogo wa aina tatu: paa nunga, chesi na suni. Vidonge vyao vinafanana mno, na mwenye uzoefu wa miaka mingi hukosea vilevile. Kando ya mashamba huongezeka vidonge vya mbuzi. Kwa hiyo tenga sehemu ndogo ya vinasaba vya kila sampuli, usome kipande kifupi cha vinasaba vya mitokondria (chembe zilizomo ndani ya seli) vya mnyama mwenyewe, ulinganishe. Wanafunzi huniambia kwamba hatua hii inaongeza gharama. Ni kweli, lakini jedwali zuri la chakula cha paa nunga ambalo theluthi yake ni chakula cha chesi halina thamani yoyote.

Hatua ya 6: Toa vinasaba

Tumia seti ya kemikali iliyotengenezwa mahususi kwa kinyesi, kwa sababu ndani yake mna hatua ya kuondoa vizuizi. Vizuizi si jambo la kinadharia kwetu: tanini zilizolifanya ganda la mkandaa litumike tangu zamani kutengenezea ngozi na kutilia rangi ndizo zinazoweza kuizuia PCR isifanye kazi.

Futa meza kwa jiki iliyotiwa maji, kisha kwa maji safi. Katika kila kundi la sampuli ongeza kichupa kimoja kisicho na kinyesi, ukipitishe katika hatua zote kama vile kina kitu. Hiki ni kichupa tupu, na ndicho shahidi wako. Mimea ya kulinganishia isitolewe vinasaba siku moja wala kwenye meza moja na kinyesi. Jani bichi lina vinasaba vingi kiasi kwamba vumbi lake peke yake linatosha kuharibu kazi ya wiki.

Hatua ya 7: Zidisha kitanzi cha P6

Praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoiambia PCR ianzie wapi) zinazotumika huitwa g na h. Ya g ni GGGCAATCCTGAGCCAA, na ya h ni CCATTGAGTCTCTGCACCTATC. Hushika mimea na kumwacha mnyama, kwa hiyo huhitaji kuzuia vinasaba vya paa mwenyewe. Mizunguko 35 hutosha kwa kawaida, na joto la kushikana la nyuzi 50 hadi 55 ni pahali pazuri pa kuanzia. Rudia kila sampuli mara tatu, na uongeze vichupa tupu vya PCR, zaidi ya vile vya hatua ya 6.

Kila sampuli ipewe praima zenye alama yake ya herufi chache mwanzoni, ili zote zisomwe pamoja na baadaye zitenganishwe. Alama zitofautiane mbele na nyuma, kwa sababu hutokea zikarukaruka kutoka sampuli moja hadi nyingine. Usifungue vichupa vilivyokwisha kuzidishwa ndani ya chumba unachotolea vinasaba. Kanuni hii huvunjwa na kila mtu mwenye haraka.

Hatua ya 8: Peleka kusomwa

P6 ni kifupi, hivyo mashine za Illumina zinazosoma herufi 150 kutoka kila upande zinatosha. Peleka vichupa tupu pamoja na sampuli nyingine, na vyenyewe visomwe, hata kama kwenye jeli (kipimo kinachoonesha kama PCR imezidisha kitu) havikuonesha chochote.

Hatua ya 9: Chuja mifuatano na uipe majina

Programu za bure kama OBITools, cutadapt, VSEARCH na DADA2 zinaifanya kazi yote: kuunganisha ncha mbili, kutenganisha sampuli kwa alama zao, kuondoa praima na kufuta makosa ya usomaji. Fuata mpango huu baada ya hapo. Ondoa mifuatano iliyotokea mara chache mno. Ondoa, au angalau punguza, ile iliyoonekana kwenye vichupa tupu. Ndani ya kila sampuli, wengi huacha kila kilicho chini ya asilimia 1 ya mifuatano yake. Hiki ni kikomo cha mazoea tu, kwa hiyo jaribu vikomo viwili vitatu na useme matokeo yalibadilika vipi.

Kisha linganisha na maktaba yako ya Hatua ya 1, na GenBank iwe ya pili. Mfuatano unaolingana na mimea miwili upewe jina la jenasi au familia inayoiunganisha. Spishi za jenasi moja, mikuyu kwa mfano, zinaweza kutoka na mfuatano ule ule, na kulazimisha jina la spishi hapo ni kubahatisha.

Hatua ya 10: Yasome matokeo kwa tahadhari

Idadi ya mifuatano si kilo za majani. Jani changa lina kloroplasti nyingi kuliko tunda au ganda, na chakula laini husagika kuliko kigumu. Toa majedwali mawili, moja la sampuli ngapi zilikuwa na mmea fulani na jingine la uwiano wa mifuatano. Yakikubaliana, una la kusema kwa uhakika zaidi.

Njia hii pia haioni kila kitu. Kima punju wa kando ya Jozani wanajulikana kula mkaa, kutoka kwenye matanuri na visiki vilivyoungua, na watafiti wameeleza kuwa mkaa huo hufyonza sumu zilizomo katika majani kama ya mwembe na mkungu. Hutauona mkaa katika jedwali lako, kwa sababu vinasaba havistahimili tanuri. Utaiona miembe na mikungu tu. Vilevile, vinasaba havikwambii kama kilicholiwa ni jani, ua au tunda. Paa hupenda kuokota kile ambacho kima wamekiangusha kutoka juu, na mti mrefu ukionekana katika kinyesi cha paa usishangae wala usidhani kuwa sampuli zimechanganyika. Kwa mambo haya huna budi kukaa msituni na kutazama.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*PCR haikutoa kitu, ingawa kinyesi kilikuwa kibichi.* Punguza makali ya vinasaba kwa kuvichanganya na maji safi, sehemu moja kwa tisa, na ujaribu tena. Vikikubali, tatizo lilikuwa vizuizi. Visipokubali, rudia kutoa kutoka kwenye kipande kingine.

*Kichupa tupu kina mimea.* Angalia ni mimea gani. Ikiwa ni ile ile iliyomo katika sampuli jirani, uchafu umetokea mezani. Ikiwa ni ngano, mpunga au viazi, umetokea kwa watu. Niliwahi kuletewa jedwali la paa lenye mbatata, dengu, ngano na pilipili kwa pamoja, na sikuhitaji kuuliza sana ili kujua kwamba aliyefanya kazi alikuwa ametoka kula urojo. Muhogo na embe havina jibu jepesi kama hilo, kwa sababu paa na kima huvila kweli; hapo kichupa tupu ndicho kitakachoamua.

*Jina lililopatikana ni la mmea usioota Zanzibar.* Tazama kiwango cha kulingana. Kikiwa pungufu ya asilimia 98, mmea wako haumo katika hazina na aliyetajwa ni ndugu yake. Rudi nyuma hadi familia, kisha utafute katika orodha ya mimea ya eneo lako ni nani wa familia hiyo hayumo katika maktaba. Kikiwa asilimia 100, chunguza kama kitanzi hicho hicho kinamilikiwa pia na mmea wa hapa.

*Sampuli moja ina mmea mmoja tu.* Huenda mnyama alishinda kwenye mti uliokuwa na machipukizi, jambo linalotokea. Lakini ikiwa marudio matatu ya PCR hayakubaliani, vinasaba vilikuwa vichache mno. Iondoe sampuli hiyo.

*Kinyesi cha popo kina msufi, wakati hakuna tunda la msufi linaloliwa.* Popo hunyonya maua na kujipaka chavua, kisha huilamba anapojisafisha. Andika kuwa ni ua, baada ya kuhakikisha kwamba msufi ulikuwa umechanua mwezi huo.

*Sampuli za masika zote ni dhaifu kuliko za kiangazi.* Hilo ni la unyevu, na halitibiki maabara. Msimu ujao punguza muda kati ya kuokota na kuhifadhi, ongeza silika, na usikubali kidonge ambacho hukijui kimelala chini tangu lini.